Nilivyovuliwa Gari Langoni kwa Wakwe

Leo nimevuliwa gari.

Sijakosea neno. Sikuibiwa gari, sikunyang'anywa, wala halikupinduka. Nimevuliwa, jinsi mama anavyomvua mtoto sweta, mbele ya wakwe, nikiwa na suti na tai. Ninapoandika haya viatu vyangu bado vina matope ya Kagio, na mama watoto amekwisha kupita hapa mlangoni mara kadhaa akijifanya anatafuta kitu. Hatafuti kitu. Anakuja kunitazama, kisha anarudi jikoni kucheka.

Nawaandikia ninyi marafiki zangu mapema, kwa sababu kesho habari itakuwa imefika Karatina, na watu wa Karatina hawawezi kupitisha habari bila kuiongezea chumvi. Hii yangu haina chumvi. Ina matope tu.

Kazi yangu mnaijua: fundi wa mizani. Nazunguka Othaya, Kiriaini, hadi Kirinyaga, nikirekebisha mizani za viwanda vya kahawa na vituo vya majani chai. Shule niliiacha mapema lakini kusoma sijaacha. Nimesoma umeme kwa njia ya posta. Nimesoma hesabu za biashara kwa njia ya posta. Mambo ya injini nimeyasoma katika vitabu vya maktaba. Mjini Nyeri wananiita Profesa. (Nilikuwa nikidhani ni sifa.)

Sasa, gari.

Nililinunua Nanyuki mwezi uliopita. Jekundu, halina paa, viti viwili, taa kubwa za mviringo, boneti ndefu iliyofungwa kwa mikanda ya ngozi kama sanduku la safari. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mpole mwenye kofia ya ngozi. Akaniambia lilikuwa la mzungu aliyekuwa na shamba upande wa Naro Moru, ambaye sasa amerudi kwao. Gari la michezo la Kiingereza. "Limetengenezwa kwa mikono, mzee," akasema, akinionyesha mikono yake miwili, kana kwamba ndiyo iliyolitengeneza.

(Kumbe ndiyo.)

Msidhani sikukagua. Nilikagua! Nilitoa lenzi ninayotumia kusoma alama ndogo za mizani, nikapiga magoti, nikasoma nambari ya chesisi kwenye kibati kilichofungwa chini ya dashibodi. Nikailinganisha na ile iliyo kwenye logbuku, kile kitabu cha usajili wa gari, tarakimu kwa tarakimu. Zililingana zote. Muuzaji akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mzee, wewe ni mtu makini. Wengine hawaangalii hiyo namba kabisa."

Nikafurahi. Mtu akitaka kuniibia, asinitukane. Anisifu umakini.

Kisha nikafungua ile boneti ndefu. Ndani hamkuwa na injini. Mlikuwa na tairi ya akiba, jeki, na gazeti la zamani.

"Injini iko nyuma," akasema upesi. "Hii ni ya mashindano."

Mtu asiyesoma angeshuku. Mimi nilikwenda maktaba. Na kitabu kikasema, wazi kabisa, kwamba magari ya mashindano huwekewa injini nyuma! Nikarudi Nanyuki nikiwa na uhakika ambao mtu asiyejua kusoma hawezi kuupata.

Siku nilipolileta nyumbani, mama watoto alitoka jikoni akasikiliza.

"Mbona inalia kama kobe?"

Kobe, kwa sisi wa hapa nyumbani, ni lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa mviringo. Hakuna mtu mzima Nyeri ambaye hajawahi kulisukuma. Nikamweleza mama watoto kwamba sauti hufanana pale silinda zinapolala badala ya kusimama. Nikachukua karatasi nikamchorea. Nilimchorea mpaka githeri ikaungua sufuriani.

Akasema tu, "Sawa, Baba Wachira. Lakini inalia kama kobe."

Basi. Leo ilikuwa siku ya Kariuki.

Kariuki ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki kijana alikuwa hajafika hata darasa la kwanza, akaletwa kwangu, na tangu hapo ni wangu. Leo tulikuwa tunakwenda kwao Wanjiru, huko Kagio, kwa ngurario, ile sherehe ya kukamilisha ndoa ya kimila. Hatua za mwanzo tulikwisha kuzipita. Leo ndiyo siku ya kukata bega la mbuzi, na likishakatwa, msichana ni mke. Lisipokatwa, mnarudi kwenu na kijana wenu.

Na mimi ndiye niliyekuwa msemaji. Mnajua siku kama hiyo bwana harusi hasemi. Msemaji ndiye mdomo wake. Nikiaminika mimi, ameaminika yeye. Hotuba nililala nayo wiki nzima.

Asubuhi Kariuki alikuja akanikuta nikifuta taa za gari.

"Anko, si twende tu sote na pikapu? Usiku mvua imenyesha sana huko chini."

"Kariuki, kwa wakwe watu wanaanza kutupima langoni."

"Lakini Anko, haina paa."

"Beba mwavuli."

Akabeba. Na ndivyo tulivyosafiri: mimi na Kariuki mbele katika gari la michezo, wazee na akina mama wakitufuata katika pikapu ya kukodi. Karatina watu walisimama kututazama, nami nikawapungia mkono. Tulipofika Sagana mvua ikaanza, Kariuki akafungua mwavuli, na tukapita katikati ya mji tukiwa tumejikunyata chini yake kama wauza mayai. Niliangalia kwenye kioo. Pikapu yote ilikuwa inacheka. Mama watoto alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa.

Barabara ya kwenda kwao Wanjiru inaacha lami, inapita kati ya mashamba ya nyanya, kisha inakuwa udongo mweusi. Ule udongo unajulikana. Ukilowa hauachi kitu kipite bila kukishika mguu. Pikapu ilibaki nyuma, mahali pakavu. Dereva wake ni mtu ambaye hajasoma chochote kwa njia ya posta. Mimi niliendelea.

Tulikwama mbele ya lango lenyewe. Si karibu na lango. Mbele yake! Ndani, akina mama wa boma walikuwa wamejipanga na kuanza zile nyimbo za kuwazuia wageni mpaka nao waimbe. Aliyewaongoza ni shangazi yake Wanjiru, Tata Nyambura, mama mnene, mwenye sauti ya kuita watu mpaka ng'ambo ya mto. Tairi zangu za nyuma zikazunguka. Matope yakaruka juu, yakashuka kwenye tai.

Baba yake Wanjiru, Mzee Muriithi, akatoka na gambuti zake za mpira. Ni mkulima wa nyanya, mtu mkimya mwenye kofia iliyochoka. Akatusalimu vizuri, akauliza hali ya Nyeri, kisha akainamisha sikio upande wa gari.

"Mkwe wangu, hii gari inalia namna hii siku zote?"

"Siku zote, mzee."

"Kwa sababu mimi nilikuwa na kobe. Miaka mingi sana. Nilikuwa nabeba nyanya nayo, nyanya kwa kiti ya nyuma, nyanya mbele, mimi katikati. Hiyo sauti naijua hata nikiwa nimelala."

Sasa hapo, wapendwa, mtu mwenye busara angesema, "Inawezekana, mzee." Maneno mawili. Mimi nilikuwa na hotuba. Nikamweleza, nikiwa bado nimekaa kwenye gari, kwamba kufanana kwa sauti si kufanana kwa asili. Nikamweleza silinda zilizolala. Nikamweleza historia ya magari ya michezo ya Kiingereza. Nikamwambia gari hili limetengenezwa kwa mikono, na nikamwonyesha mikono yangu miwili. Akina mama waliacha kuimba ili wasikie. Nilidhani wamevutiwa.

Mzee Muriithi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Aaa," akasema. "Basi sawa. Mimi ni mtu wa nyanya tu."

(Nikikumbuka sasa, alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Sikuuona.)

Wanaume vijana wa boma wakaja kutusaidia, wamekunja suruali hadi magotini.

"Mzee, shuka tusukume."

"Hapana," nikasema. "Mkisukuma, tairi zitachimba zaidi. Gari hili ni jepesi. Liinueni."

"Tuinue?"

"Liinueni zima zima, mlisogeze mbele, mliweke pakavu. Shikeni chini ya ubavu, nusu huku, nusu kule. Nikisema tatu."

Kariuki alikuwa amekwisha shuka. "Anko, si hata wewe ushuke? Uwapunguzie mzigo."

"Lazima mtu ashike usukani, Kariuki."

Hilo nalo nililisoma mahali.

Wakashika. Nikaketi wima, mikono kwenye usukani, mguu kwenye klachi, injini ikiunguruma. Nikahesabu kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya. Moja. Mbili.

Tatu.

Kwanza nilisikia mlio kama wa kopo la mafuta ya kupikia linapotobolewa. Kisha nikaona dashibodi inaondoka. Haikuondoka mbele wala nyuma. Iliondoka juu! Pale usukani ulipopenya dashibodi pakapasuka kama ganda la yai. Kibati kile chenye nambari, kile nilichokisoma kwa lenzi, kikapita taratibu mbele ya pua yangu kikienda zake. Kioo cha mbele kikafuata. Milango ikanipita kulia na kushoto. Nikahisi upepo kwenye magoti, mahali ambapo mtu aliye ndani ya gari hapaswi kuhisi upepo.

Kisha nikaona shamba la nyanya lote, pande zote, bila kizuizi.

Vijana walikuwa wameliinua gari. Mimi nilikuwa nimebaki.

Nilibaki juu ya sahani ya chuma, nimeketi kwenye kiti, nimeshika usukani. Mbele yangu vyuma viwili na magurudumu. Nyuma yangu injini, uchi kabisa, ikilia vile vile kama mwanzo. Kama kobe. Na juu ya vichwa vya vijana lilikuwa gari langu jekundu, la faibaglasi tupu, wamelishika mikono juu kama maji yanataka kulichukua.

Boma lote lilitutazama. Hata mbuzi.

Halafu sauti ya Tata Nyambura ikatoka langoni:

"Uuuui! Ngai! Wageni wamevua leso kabla ya sisi!"

Inabidi niwaeleze utani huo, maana boma lote lilianguka kwa kicheko. Katika ngurario, bibi harusi huletwa akiwa amefunikwa leso kichwa hadi miguu, yeye na wanawake wengine kadhaa, wote wamefunikwa sawa, na kijana anatakiwa amtambue. Leso hazivuliwi mpaka achague. Sisi tulikuwa tumeanza na gari.

Ningekaa pale pale mpaka nife. Lakini mguu uliteleza kwenye klachi. Na gari, sasa likiwa jepesi kweli kama nilivyosema (hilo peke yake nilipatia), likashika ardhi, likaruka kutoka kwenye matope na kuingia langoni! Akina mama wakatawanyika. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyezuia. Nikaingia kwa wakwe nimeketi juu ya chuma kama mtu aliyebebwa kwenye sinia, nikapita hema la wageni, nikapita meza ya wazee, nikasimama kwa msaada wa ukuta wa banda la kuku. Injini ikazimika.

Nyuma yangu wakaingia wale vijana, wawili wawili, polepole, wamebeba bodi jekundu mabegani. Lilifanana kabisa na kile mnachokifikiria. Mzee mmoja akavua kofia.

"Tuweke wapi, mzee?" wakaniuliza.

Sijawahi kuulizwa swali gumu zaidi ya hilo.

Mama watoto alikuwa amefika kwa miguu kutoka kwenye pikapu. Akaja mpaka ubavuni pangu, akainama sikioni.

"Shuka sasa, Baba Wachira. Umefika."

Nikashuka. Chuma kilikuwa kinateleza, nikajishikilia nilipoweza.

Mzee Muriithi hakuwa anacheka. Alichuchumaa nyuma ya kiti, akachota maji ya mvua kwa kiganja, akaosha matope juu ya ule mfereji wa chuma unaopita katikati. Hapo palikuwa na nambari, imegongwa kwenye chuma chenyewe. Si ya kibati cha kufungwa kwa ripiti. Ya chuma.

"Karibu nyumbani, kobe," akasema, akaipapasa.

Nikatoa logbuku mfukoni kwa mkono mmoja, nikachuchumaa naye. Tukalinganisha. Palipolingana ni kwenye sifuri moja, na sifuri si ya mtu.

"Naona wamefanya hivi," akaniambia chini kwa chini, ili wengine wasisikie. "Kulikuwa na gari ya Kiingereza ya ukweli, ikakufa zamani. Wakabaki na kitabu yake na hiyo kibati. Halafu wakachukua kobe, wakatoa mgongo, wakavalisha hii koti. Wewe umeuziwa kitabu ya gari ingine."

"Na hii kobe ni ya nani?"

"Hiyo sasa ndiyo sijui. Pengine kuna mtu mahali anaitafuta. Jumatatu wewe nenda polisi mwenyewe, kabla hawajakujia."

Jumatatu nitakwenda. Lakini mwenye kofia ya ngozi sijui nitamtaja kwa jina gani. Jina alilonipa lilikuwa kwenye karatasi, na mmekwisha kuona karatasi zake.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia kwenye kicheko. Hayakuishia. Tulipokwisha kukaa chini ya hema, Tata Nyambura akasimama, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani.

"Bwana msemaji. Umetuambia hapo langoni hiyo gari ni ya Kiingereza. Umetueleza sana. Si ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na chini yake kumbe ni kitu kingine."

"Ni kweli, mama."

"Sasa sisi tunataka kupeana mtoto wetu. Mdomo ule ule umetuambia gari, ndio umetuambia huyu kijana. Ati ni mtu wa kanisa, ati ni mfanyakazi, ati hanywi. Kwani tutajuaje chini yake kuna nini?"

Wazee wa kwao wakatikisa vichwa. Nilimwona Kariuki anatazama viatu vyake. Uso ulikuwa wa marehemu kaka yangu, ule wa siku aliponyimwa kazi, na nikajua kwamba kama bega la mbuzi halitakatwa leo, ni mimi nitakayekuwa nimelizuia. Mimi na uhodari wangu.

Nikasimama. Ile hotuba ya wiki nzima haikuwepo tena kichwani.

"Mama," nikasema, "gari nililisoma. Nilisoma kitabu chake, nikasoma kibati chake, nikaenda maktaba nikasoma zaidi. Chini sikuangalia. Sikuwadanganya, nilidanganywa, na kwa vile napenda kujua, nilidanganyika kuliko mtu mwingine. Lakini huyu kijana sikumsoma mahali. Huyu nimemwosha miguu. Nimemfukuza kwenye miti ya maparachichi. Akiwa na homa nililala kwenye kiti. Baba yake hayupo, kwa hivyo hakuna kitabu naweza kuwaonyesha. Niko na maneno tu, na leo mmeona maneno yangu yamepungukiwa na thamani. Nawaomba msimhesabie yeye makosa ya gari langu."

Tata Nyambura alinitazama. Alikuwa anauma mdomo wa chini. Nikadhani ni hasira.

"Umesema vizuri," akasema mwishowe. "Basi kijana ajisemee kwa macho. Tutaleta leso. Siku zingine mtu akikosea analeta kreti ya soda tunacheka. Leo hakuna soda. Akishikwa na kifuniko kama wewe umeshikwa, mnaenda nyumbani. Atarudi mwaka mwingine."

"Tata!" akasema Mzee Muriithi.

"Nimesema."

Wakaletwa. Wanne, wamefunikwa mpaka chini, wamevalishwa soksi ili hata vidole visionekane, urefu mmoja, wamesimama kama magunia ya kahawa mlangoni pa kiwanda. Walikuwa wametoka kwenye chumba chenye dirisha linalotazama lango. Maana yake walikuwa wameona yote, na kufunikwa baadaye.

Kariuki akapita mbele yao mara ya kwanza. Akapita mara ya pili. Nilimwona akijifuta jasho. Hawa walikuwa wamefundishwa vizuri: hakuna aliyesogea, hakuna aliyepumua. Akarudi katikati akasimama. Akanitazama mimi. Mimi!

Sikuweza kuvumilia. Nikasonga mbele, nikainua mikono yote miwili kumwomba Tata Nyambura ampe kijana muda kidogo.

Mkono mmoja ulikuwa mzito.

Nikautazama. Ulikuwa na usukani.

Ndiyo. Nilipokuwa nikishuka, nilijishikilia kwenye usukani, ukachomoka, nikaja nao. Nilikuwa nimechuchumaa nao. Nilikuwa nimesoma logbuku nao. Ile hotuba yote, kuosha miguu, homa, marehemu kaka yangu, niliitoa usukani ukiwa mkononi, na watu wa pande zote mbili kwa heshima yao hawakuniambia. Ndiyo maana Tata Nyambura alikuwa anauma mdomo.

Mzee Muriithi akakohoa.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole kabisa, "hiyo usukani sasa unaweza kuweka chini. Tumeshafika sote."

Hema lilipasuka. Wazee walicheka. Mchungaji wao alicheka mpaka akashika nguzo. Mama watoto alikaa kwenye nyasi. Na zile leso nne zilianza kutikisika, zote pamoja, kama nguo kwenye kamba.

Na ndani ya kicheko hicho, kutoka upande wa kulia, ikasikika:

"Hik!"

Kariuki akainua kichwa.

"Hik!"

Hakusita. Alitembea moja kwa moja hadi leso ya tatu, akasimama mbele yake.

"Ni huyu."

"Una uhakika?" Tata Nyambura akauliza, huku anafuta machozi. "Hakuna soda, nimekwambia."

"Ni huyu, Tata. Akicheka sana anashikwa na kwikwi. Hakuna siku nimemchekesha akakosa."

Wakavua leso. Wanjiru, uso umelowa, mkono mdomoni, akajaribu kumsalimia bwana harusi wake kama alivyofundishwa, akashindwa.

"Hik!"

Bega la mbuzi likakatwa. Kariuki ana mke. Mimi nina usukani, uko hapa mezani ninapoandikia, maana hata wakati wa kurudi nilisahau kuuacha. Tulirudi kwenye pikapu sote, mimi nimeketi juu ya kreti la nyanya tulizopewa na Mzee Muriithi, na hakuna aliyenisemesha mpaka Karatina kwa kuogopa kucheka.

Sasa nawaomba jambo moja tu, ninyi marafiki zangu. Msicheke. Hasa ninyi ambao bado hamjaoa wala kuolewa, msicheke kabisa: aliyecheka leo ameshaolewa.